Aliyekula Gogo na Aliyeachiwa Kisiki

Kila msitu unapoisha, wa kwanza kunyooshewa kidole ni mkulima wa jembe la mkono. Nimelisikia hilo redioni, nimelisikia kwenye semina za wilaya, na nimelisikia kwa wageni waliokuja kutufundisha faida za miti ambayo sisi tumezaliwa chini ya vivuli vyake. Mimi ni mkulima wa ufuta, bara ya Kilwa, upande wa magharibi wa barabara kuu iendayo Lindi. Kwa miaka kadhaa nimekuwa pia mhazini wa kamati ya maliasili ya kijiji chetu. Kwa hiyo msitu nimeujua kama mtu anayetafuta pa kulima, na nimeujua kama mtu anayeshika kitabu cha stakabadhi. Ninachotaka kusema kimetoka katika nafasi zote mbili: ukitaka kumjua anayepaswa kuwajibika kwa msitu uliokatwa, usiishie kwa aliyeshika shoka. Fuata fedha mpaka ilipolala.

Nianze na daraja, maana kwa watu wa kusini hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kabla ya mwaka 2003 mto Rufiji tulikuwa tunauvuka kwa kivuko pale Ndundu. Masika yakikolea kivuko kinasimama, barabara inageuka tope, na mikoa ya Lindi na Mtwara inabaki upande wake, Dar es Salaam upande wake. Mabasi yalilala njiani, abiria wakapika kando ya barabara. Sukari na mafuta ya taa vilipanda bei kila mvua zilipoanza. Mgonjwa akiandikiwa rufaa ya Muhimbili wakati wa masika, ndugu zake walijua maana ya ile karatasi. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 tulilishangilia kwa ngoma, na nikiulizwa leo nitalishangilia tena. Simwamini mtu anayezungumzia misitu ya wenzake akasahau kwamba wenzake hao nao wanaugua na wanazaa.

Lakini njia inayompeleka mgonjwa mjini ndiyo hiyohiyo inayomleta mnunuzi. Haukupita muda, malori yakaanza kuingia. Yalikuja matupu, yakaondoka yamedidimia kwa uzito: mkongo, mninga, mpangapanga, mpingo. Matajiri wenyewe hatukuwaona. Tuliowaona ni madalali, vijana waliovaa viatu vya mjini, wanaojua kusema "shikamoo" kwa kila mzee na wanaobeba noti mpya mfukoni.

Nakumbuka mkongo uliokuwa mpakani mwa shamba la baba mdogo. Watu wawili wazima wakiukumbatia, mikono ilikuwa haikutani. Wanawe waliuangusha kwa shoka na msumeno wa kuvutana, kazi ya kutwa nzima na kesho yake, wakauviringisha juu ya miti midogo mpaka barabarani. Dalali hakuwa na futikamba. Aliupima kwa hatua za miguu, akataja bei, akahesabu noti. Fedha ile ilitosha doti mbili za kanga, sukari, na tairi ya baiskeli. Baba mdogo aliridhika, na nani angemlaumu? Hakuna mtu aliyewahi kumwambia mti ule una thamani gani ukifika bandarini, na kwa miaka yote aliyoishi mti haukuwahi kumnunulia chochote.

Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, lilitoa ripoti juu ya biashara ile ya magogo ya kusini mwa Tanzania. Tulisomewa muhtasari wake kwenye semina moja, na baadaye nikaomba nakala nikae nayo mwenyewe. Ilionyesha kwamba serikali kuu na halmashauri zilikuwa zinapoteza mpaka asilimia 96 ya mapato zilizostahili. Ilionyesha kwamba mazao ya misitu ambayo China iliandika kupokea kutoka Tanzania yalikuwa mara kumi ya yale ambayo Tanzania iliandika kusafirisha. Na ilionyesha kwamba kuna wanakijiji walioambulia kama sehemu moja tu ya mia ya bei ya kuuzia nje. Nilisoma mstari huo nikamkumbuka baba mdogo na tairi yake. Sehemu zile nyingine tisini na tisa ziligawanywa na watu ambao sisi hatukuwahi kuwapa mkono: mwenye leseni, mwenye lori, waliofunga macho kwenye vizuizi, msafirishaji, mwenye kiwanda ng'ambo, na mwenye nyumba aliyetandika sakafu ya mbao ngumu asijue ilikotoka.

Marufuku za kusafirisha magogo nje zilipotangazwa, doria zikaanza. Waliokamatwa kwetu walikuwa wapasua mbao wenye ndala na vibarua wa kupakia. Mmoja alikaa mahabusu mpaka mkewe akauza mbuzi. Tajiri wa magogo yale hakuitwa popote.

Kwa wazee wetu hilo halikuwa jambo geni. Babu yangu mzaa mama alikuwa kibarua Nachingwea, kwenye ule mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947. Vita vilikuwa vimeisha, Uingereza ina uhaba wa mafuta ya kula, ikaamua yatoke Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Babu alisimulia jinsi matrekta mawili ya minyororo yalivyokwenda sambamba porini, yamefungwa mnyororo mzito wa meli katikati yao, na kila kilichosimama kati yake kikalala. Mengine yalikuwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Karanga zilikuwa chache kuliko mbegu zilizoletwa, ardhi ikakauka ikawa ngumu, na mwaka 1951 mpango ukavunjwa. Pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimeteketea. Hasara hiyo iliandikwa vitabuni kwa sababu ilikuwa fedha ya walipa kodi wa Uingereza. Msitu wa Nachingwea haukuingia kwenye hesabu, kwa kuwa mwenyewe hakuwa na daftari. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo, na leo inapakia korosho zetu, kwa hiyo sisemi kwamba hatukupata kitu. Reli ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, ambayo ingetufaa zaidi, iling'olewa.

Nilipokuwa msichana nilidhani simulizi za babu ni mambo ya kale. Nilipoanza kushika daftari la kijiji ndipo nilipozielewa. Daftari ndilo linaloamua nani kapata hasara.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilitupa nafasi ya kuwa na letu. Kijiji kikipima mipaka yake, kikaandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi, kikatenga msitu kwa kura ya mkutano mkuu na kutunga sheria ndogo, kinaweza kuutangaza kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji, kikauvuna chenyewe kwa mpango na mrabaha ukabaki kijijini. Maneno hayo yanaandikika kwa sentensi moja. Kuyatekeleza ni miaka. Mpaka na kijiji jirani peke yake ulitutoa jasho, kwa sababu huku wanasema mpaka ni kijito, kule wanasema ni kaburi la mzee fulani, na kijito chenyewe kimehama. Kilwa tulibahatika kuwa na shirika la Mpingo Conservation & Development Initiative, lililoanza kazi wilayani kwa ajili ya mti wa mpingo. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, hapahapa Kilwa, ilipata cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha kwamba msitu unavunwa bila kuharibiwa, na ikawa ya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Habari zile zilitufikia kwa miguu. Watu wa kwetu walikwenda kuona kwa macho, wakarudi wakasema, wenzetu wana nyundo.

Nyundo hiyo nieleze, kwa sababu bila hiyo mengine yote ni karatasi. Ni nyundo ya chuma yenye alama ya kijiji upande mmoja. Gogo likishapimwa na kulipiwa, linagongwa kichwani, alama inazama kwenye ubao. Gogo lisilo na alama likikamatwa njiani ni la wizi. Kabla ya hapo alama zote zilikuwa za watu wa mbali. Siku tuliyoigonga kwa mara ya kwanza, wazee walisogea wakapitisha kidole juu ya ile alama mmoja mmoja.

Mpingo wenyewe ni mti wa kumfundisha mtu subira. Unachukua miaka sabini na zaidi kufikia unene wa kuvunwa, na kwa nje hauna uzuri wowote: umepinda, una miiba, magamba yamechanika. Mnunuzi aliyekuja kwetu alikuwa fundi mwenye umri, mtu mpole. Aliugonga mti kwa kisogo cha shoka, akasogeza sikio. Sauti ikiwa nzito, anaweka chaki. Sauti ikiwa na uwazi ndani, anapita bila kusema neno, maana kiini kimeliwa. Tulipita miti mingi kuliko tuliyoweka chaki. Nilimuuliza, "Baba, kinachoila ni wadudu?" Akaniinamisha chini akanionyesha kovu jeusi kwenye shina, usawa wa goti. "Ni moto wenu, mama. Moto wa Septemba." Akaeleza kwamba nyasi zikichomwa mwezi wa tano au wa sita, zingali na ubichi, moto unapita chini na kuzimika jioni. Zikiachwa mpaka Septemba na Oktoba, moto unapanda, unachoma shina, na kuanzia kwenye jeraha lile mti unaoza kutoka ndani huku nje umesimama. Weusi wake usio na ufa ndio unaotafutwa Ulaya kwa zumari zinazoitwa klarineti, na kipande kidogo tu cha gogo ndicho kinachofaa. Zumari moja nzuri huuzwa kwa mamilioni ya shilingi zetu.

Tangu siku hiyo tukaanza kuchoma mapema, kwa zamu za vitongoji. Mimi niliyekulia kwenye mioto ya Septemba sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba moto huo una gharama. Tuliambiwa tu ni kosa. Kuna tofauti kubwa kati ya kumwambia mtu amekosa na kumwonyesha kovu usawa wa goti.

Fedha ya mauzo yale tuliigawa kama sheria ndogo zilivyosema, nusu kwa kazi za msitu na nusu kwa maendeleo ya kijiji, baada ya kutoa fungu la halmashauri. Mkutano mkuu ulikaa mpaka jua likazama. Wanaume wengi walitaka ofisi ya kijiji. Wanawake walitaka nyumba ya mkunga, kwa sababu muuguzi wetu alikuwa amepanga chumba kitongoji cha mbali, na uchungu haungoji pambazuko. Wanawake walishinda kura. Nilinunua bati mwenyewe, nikabandika risiti kwenye mti wa muembe penye ubao wa matangazo, na watu wasiojua kusoma wakawaleta watoto wao wawasomee. Nyumba ile ilipoezekwa, doria ya msitu haikuhitaji tena posho kubwa kupata vijana. Mtu akisikia chenisoo usiku anapiga simu kwa mjumbe, kwa kuwa kinachoibwa kina jina: ni dawa, ni dawati, ni kisima kijacho.

Hapo ningeweza kukomea na hadithi ikawa tamu. Lakini kuna ufuta.

Watu wa nje wanaouona moshi wa mashamba ya Lindi wanasema ni ujinga. Waje wakae na wifi yangu. Ni mjane, ana watoto wanne na mikono miwili. Akilima ufuta kwenye shamba la zamani, magugu yanamshinda. Palizi mbili hazitoshi, na kibarua wa palizi anataka fedha ambayo hana. Akifyeka msitu mpya na kuchoma, mwaka wa kwanza magugu ni machache, ardhi ina majivu na rutuba, na palizi moja inatosha. Mwaka wa tatu au wa nne magugu yanarudi, anahama. Kwa hesabu yake msitu ndio kibarua wake wa palizi, na anafanya kazi bila kudai ujira. Bei ya ufuta ikipanda mnadani, kila mtu anaongeza ekari. Soko linalonunua ufuta huo liko India na China, na anayekula maandazi yenye ufuta huko hajui kama ekari ile jana ilikuwa msitu wa miti ya mitondoro.

Nilikwenda kumwona wifi nikiwa na vazi la kamati, kwa sababu shamba lake lilikuwa limesogea mpaka kwenye alama nyekundu za msitu. Hakunijia juu. Alinikaribisha, akanipa maji, akaniuliza, "Wifi, nyumba ya mkunga nimeipenda. Lakini karo ya huyu wa sekondari, vifaa vyake na nauli, kamati italipa?" Sikuwa na la kumjibu pale, na nilipeleka swali lake kwenye kikao kama lilivyo. Kikao kilichemka. Mwisho tulikubaliana kwamba kabla ya kutoza mtu faini kwa kuingia msituni, kijiji kiwe kimempa eneo halali la kulima, na fungu la maendeleo litoe mkopo wa palizi kwa wajane na wazee ili wabaki mashamba ya zamani. Mkopo ule ulikuwa mdogo, na walioupata hawakuwa wote waliouhitaji. Hata hivyo kwenye vitongoji ulikofika, alama nyekundu ziliheshimiwa kuliko kule kulikopelekwa mgambo peke yao.

Wajibu wetu wenyewe siukwepi. Kuna ndugu zetu waliogawia wageni mapori ya kijiji kwa fedha ya mkononi, bila mkutano. Kuna viongozi waliopokea wafugaji na makundi ya mamia ya ng'ombe usiku, asubuhi wakajifanya hawajui. Wafugaji hao nao tusiwageuze mashetani. Wengi walisogea huku baada ya kuondolewa Usangu na Ihefu, mkoani Mbeya, miaka ya 2006 na 2007, kwa sababu ya kunusuru maji ya mto Ruaha. Uharibifu wa kule ulitatuliwa kwa kuhamishiwa kwetu, na hakuna aliyetuuliza kama tuna nafasi, wala aliyewauliza wao kama wanataka kuja.

Mkaa ni hivyohivyo. Magunia yanayopangwa kando ya barabara Somanga hayapikii ugali wa Kilwa. Sisi tunapikia kuni. Yanakwenda Dar es Salaam. Na hapahapa wilayani kwetu, kisiwani Songo Songo, gesi iligunduliwa mwaka 1974. Tangu 2004 inasafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam kufua umeme, na bomba kubwa la kutoka Mtwara likakamilika 2015. Nauheshimu umeme huo, hospitali za nchi hii zimewaka miaka mingi kwa gesi ya kusini. Ila mama wa Somanga anayechoma tanuri la mkaa ili apate fedha ya shule ya watoto, huku gesi inapita chini ya ardhi ya wilaya yake, asiitwe adui wa mazingira kabla hajaulizwa ana njia gani nyingine. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Ni lengo zuri. Litapimwa kwa bei ya kujaza mtungi mdogo kwenye duka la kijijini, wala si kwa hotuba.

Mwaka mmoja alikuja mgeni kutoka Ulaya, mtu wa mradi wa hali ya hewa. Alikuwa na heshima, alikaa kwenye mkeka. Alieleza kwamba misitu yetu inafyonza hewa ya ukaa, kwamba dunia inapata joto, na akatuomba tutaje mambo ambayo tupo tayari kuyaacha. Watu walitaja: kuchoma moto wa kiangazi, kufungua mashamba mapya, kukata mkaa. Mkalimani anaandika. Wifi yangu akanyoosha mkono. "Karibu sana, mgeni wetu. Sisi tumeshakutajia tutakayoacha. Na huko kwenu, mtaacha nini?"

Mgeni alikaa kimya, kisha akasema swali ni la haki, na kwamba yeye hakutumwa na mamlaka ya kulijibu. Nilimheshimu kwa kutodanganya. Lakini swali halikuwa la ukaidi. Mwaka 1992 pale Rio de Janeiro mataifa yalikubaliana kwamba wajibu wa kulinda hali ya hewa ni wa wote, ila uzito haulingani, kwa kuwa viwanda na magari ya nchi tajiri yalianza kuijaza anga moshi zamani sana. Mchango wa Tanzania katika gesi hizo haufiki hata sehemu moja ya mia ya dunia nzima. Tunaombwa tuache kidogo tulicho nacho ili kufidia kingi ambacho hatukukila. Kuomba si vibaya. Kuomba bure ndiko kubaya.

Norway ilijaribu kulipa, na nalitaja hilo kwa uzuri. Mwezi Aprili 2008 ilikubaliana na Tanzania kutoa kroner, fedha ya kwao, milioni 500 kwa miaka mitano, kwa ajili ya kupunguza ukataji wa misitu. Baadhi ya vijiji vya Lindi Vijijini viliingia kwenye majaribio, na kwa dada yangu malipo ya majaribio yalitolewa mkononi, hadharani, mtu na jina lake, watoto nao wakihesabiwa kupitia mama zao. Dada alisema hajawahi kuona fedha ya serikali wala ya mradi ikifika kwa mwanamke bila kupita kwa mtu. Alinunua godoro. Mradi ule ulifika ukingoni mwaka 2014. Fedha iliposimama, ufuta haukusimama, na mashamba yakasonga mbele tena. Nchi hiyohiyo kampuni yake ya taifa iligundua gesi nyingi kwenye bahari yetu ya Lindi mwaka 2012. Sioni aibu katika hilo. Na sisi tunaitaka gesi hiyo iendelezwe, vijana wapate kazi. Ninachosema ni kwamba gesi hupangiwa miaka thelathini, na msitu hupangiwa miaka mitano. Mti wa miaka sabini hauwezi kulindwa kwa bajeti ya miaka mitano.

Na maji hayasubiri mikutano. Januari 2020 mafuriko yalipita kwenye mabonde ya Kilwa yakasomba nyumba, mashamba na watu. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua, barabara ya Dar es Salaam ilikatika upande wetu, madaraja yakabebwa, mabasi yakakwama pande zote mbili. Vijana wangu walikuwa hawajawahi kuona kusini ikifungwa. Mimi nilikumbuka Ndundu. Sidai kwamba kila tone lile lilitokana na moshi wa viwanda au na moto wetu. Nilichokiona kwa macho ni kwamba kwenye miteremko iliyobaki na msitu kijito kilifurika kikashuka na maji yasiyo na udongo mwingi, na kwenye miteremko ya ufuta tulipoteza udongo wa juu wote, pamoja na mahindi ya wale waliolima bondeni. Waliolima bondeni hawakuwa wamefyeka kokote.

Sasa yamekuja makampuni ya kaboni, yanayouza kwa tani hesabu ya hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu. Tangu kanuni za biashara hiyo zitolewe mwaka 2022, wilaya nyingi zinatembelewa, na sisi tumeletewa mkataba. Mimi siukatai. Nimekaa nao usiku na kijana wangu aliyemaliza kidato cha sita, kwa sababu ulikuja kwa Kiingereza peke yake. Tumeurudisha na masharti yetu: uandikwe kwa Kiswahili na nakala hiyo iwe na nguvu sawa, uvunaji wa mpingo kwa mpango wetu uendelee, vipimo vya msitu vifanywe na vijana wa kamati pamoja na wataalamu wao, na daftari moja libaki kijijini, kijiji kijue tani moja imeuzwa kwa bei gani na nani, maana hatutaki kupimiwa tena kwa hatua za miguu, na kima cha malipo kitazamwe upya bei ya ufuta ikipanda, kwani ndiyo bei inayoshindana na mti. Sharti la mwisho ndilo waliloligomea. Wamesema hesabu za kaboni haziendi na soko la ufuta. Wifi, ambaye sasa ni mjumbe wa kamati, aliwajibu kwamba hesabu za shamba lake haziendi na soko lingine lolote.

Mkataba uko kwa mwanasheria wa halmashauri. Mkutano mkuu utaitishwa ufuta ukishauzwa, watu wakiwa na nafasi, na kabla ya ajenda ya kaboni itatangulia ya mkopo wa palizi, kwa sababu msimu wa kufyeka unaanza mapema kuliko majibu ya kampuni.